Mikono ya Kushoto

Shule ya msingi niliisomea Bihambwe, kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, katika jengo la mbao ambalo mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Huko ndiko nilikojifunza kuinua mkono wa kushoto. Kila mwaka, siku chache kabla ya mkaguzi kufika, mwalimu wetu alitupanga kama kwaya ya kanisa. Tulifagia uwanja, tukafyeka majani, kisha akafunga mlango na kutupa maagizo yenyewe: akiuliza swali mbele ya mgeni, darasa zima liinue mikono, asibaki hata mmoja. Anayejua jibu ainue wa kulia. Asiyejua ainue wa kushoto. Yeye mwenyewe atajua wa kumchagua.

Mkaguzi aliingia, akaona mikono imejaa mpaka dirishani, akatabasamu. Kulia, kulia, kulia, majibu yote sawasawa, makofi yote ya mpango. Kisha mgeni alikunywa maziwa kwa mkuu wa shule, akapanda pikipiki yake, akaenda zake ameridhika. Mimi kwenye hesabu nilikuwa mtu wa kushoto. Nilimaliza shule ya msingi bila mkaguzi hata mmoja kuisikia sauti yangu, na wanaonijua leo watakuambia kwamba kuninyamazisha si kazi ndogo. Tukikutana tuliosoma wakati ule tunalicheka jambo hilo mpaka machozi. Lakini nilipobaki peke yangu liliniudhi, na kwa miaka mingi sikujua hasa ni kipi ndani yake kilichoniudhi.

Sasa mimi ni mwalimu wa darasa la nne Kalembe, pale Masisi inapoishia na Walikale inapoanzia. Watoto wa upande wa vilima wanakuja na tope la mashamba ya viazi miguuni, wa upande wa msitu wanakuja na nguo zinazonuka moshi wa kukaushia nyama, na wote wanabanana kwenye benchi zilezile wakisukumana viwiko. Nilipofika kuanza kazi nilikuta hila ya mikono imenitangulia. Nadhani iko kila mahali ambako mkaguzi anaogopwa.

Mwaka ninaousimulia, familia nyingi zilikuwa zimefika kwetu kutoka upande wa Buleusa, baada ya kukimbia vita huku na kule. Watoto wao walikuwa wamepoteza shule, wengine mwaka, wengine zaidi. Mkuu wetu wa shule ni mtu mwema, lakini anamwogopa mkaguzi kuliko radi. Aliwaangalia wale watoto urefu, akawaleta kwangu, akawaketisha nyuma, kisha akatoa hukumu yake: mkaguzi akija mwisho wa muhula wa pili atawajaribu, na watakaoshindwa watashushwa mpaka darasa la kwanza.

Kila mtu Kalembe alijua maana ya hukumu hiyo. Msichana ambaye kimo chake kinakaribia changu hawezi kukaa katikati ya watoto wanaong'oka meno ya utoto. Atakaa wiki moja, atachekwa, kisha hutamwona tena. Na msichana wa hivyo nilikuwa naye, mkubwa kuliko wote wa benchi za nyuma, mwenye sauti nzito na macho yasiyokwepa. Hakunificha kitu.

“Madame,” aliniambia, “bakinitelemusha mu première, sitarudia tena. Nitaenda tu ku shamba na mama.”

Nilimwambia asome kwa bidii. Ni jibu la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo siku hiyo.

Muhula wa pili ulipoanza alikuja mama mmoja, mwalimu msaidizi wa chuo kimoja cha ualimu huko Goma. Alikuwa anafanya utafiti juu ya namna sisi walimu tunavyouliza maswali darasani. Pikipiki ilikuwa imemwangusha njiani, tope limempanda mpaka kiunoni, na mimi nilikuwa nimeshamchukia kabla hajavua koti. Watafiti nawajua. Wanakuja, wanatuuliza mambo ya ndani kabisa, wanaondoka, na mahali yanapokwenda majibu yetu hatupajui.

Huyu hakuniuliza kitu. Aliomba tu aketi nyuma ya darasa na kikopo cha maharagwe. Kila nilipomwita mwanafunzi ajibu, alinyanyuka kimya akaweka punje moja mbele ya mtoto huyo. Watoto walidhani ni zawadi, wakajituma. Mwisho wa asubuhi, wakati wa mapumziko, aliniomba tutembee pamoja kati ya benchi. Za mbele zilikuwa na maharagwe ya kumshibisha mtu mzima. Kadiri tulivyorudi nyuma yalipungua, na kwenye benchi za wale watoto wa Buleusa tulikuta mbao tupu.

Nilikasirika. Nilikasirika sana, kwa sababu nilikuwa najisifu kuwa mwalimu asiyependelea mtu.

“Dada,” nikamwambia, “hawa ba nyuma bado hawajue kitu. Nitabauliza nini?”

“Njo kusema benye banajua unabafundisha, na benye hawajue unabaacha,” akajibu taratibu, kwa ile “njo” yetu iliyo “ndiyo” ya wengine. “Ao nimeona mubaya?”

Nikaokota maharagwe ya benchi za mbele, nikayarudisha kikoponi.

Nilimchukua nyumbani kwangu kula. Tukila bugali, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, alinieleza mambo ambayo watu wa kazi yake wameyachunguza kwa miaka mingi, katika nchi nyingi. Kwamba mwalimu akishauliza swali huwa hasubiri, anamrukia wa kwanza aliyeinua mkono, na wanaofikiri polepole wanaacha kabisa kufikiri. Kwamba kosa la mtoto mara nyingi halitokei ovyo, lina njia yake, na mwalimu akiuliza “umefanyaje?” ataiona njia hiyo. Na kwamba mwalimu anayetaka kujua la kufundisha kesho lazima leo ajue ni nani hajaelewa, na si mmoja mmoja wa kubahatisha, bali darasa zima kwa mara moja.

“Hao walimu wa nchi nyingi walikuwa na batoto ngapi mu classe?” nikamkatiza.

Alicheka. “Si kama weye. Miye mwenyewe sijue kama itawezekana huku. Njo maana nimekuja.”

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Mtu anayekuja kutoka chuoni na kusema hajui, huyo unaweza kukaa naye chini mkafanya kazi. Akanieleza kwamba kwingine kila mtoto ana kibao chake kidogo, wote wanaandika jibu na kukiinua kwa pamoja, na mwalimu anaona yote kwa kutupa jicho mara moja. Mimi nikamwonyesha chaki yangu, ambayo naivunja vipande ili ifike Ijumaa. Kibao kwa kila mtoto nitakitoa wapi? Tukaendelea kula. Nikawa namhadithia, kwa kuchekesha tu, vile tulivyokuwa tunamdanganya mkaguzi Bihambwe, na katikati ya maneno nikaacha tonge mkononi.

Darasa zima lilikuwa limeinua mikono! Mwalimu wetu alikuwa ameonyeshwa, waziwazi, mtoto kwa mtoto, nani anajua na nani hajui. Hakuhitaji kibao wala chaki. Alikuwa na kila kitu ambacho huyu mama amekitafuta vitabuni, kisha akakitumia kutukwepa. Ndicho kilichoniudhi miaka yote hiyo. Sikuudhika kwa sababu tulimdanganya mkaguzi, mkaguzi hakufa. Niliudhika kwa sababu mtu aliniona sijui, akanipita.

Asubuhi iliyofuata niliwatangazia wanafunzi sheria mpya. Nikiuliza, kila mtu ainue mkono baada ya kimya kidogo, wa kulia kama anajua, wa kushoto kama bado. Na mimi nitawaita wa kushoto.

Wote waliinua wa kulia. Wote, hata mmoja ambaye nilikuwa na hakika hajui siku hiyo ilikuwa siku gani. Nikauliza swali gumu zaidi, ikawa vilevile. Ilikuwa hivyo kutwa nzima, na kesho yake pia. Nani atainua mkono wa aibu ili aitwe? Mtafiti wangu aliketi nyuma akitafuna kalamu. Nikaona kwamba sitawapata kwa hotuba.

Nikawaambia basi waniulize mimi, chochote wanachokijua. Wakanong'onezana. Kisha yule msichana mkubwa akasimama, akaniuliza kitanzi cha mtego wa panya wa msituni kinafungwaje ili kisijifungue mnyama akivuta. Mimi mtoto wa vilima, nitakijulia wapi? Nikafikiri kweli, kisha nikainua mkono wa kushoto juu kabisa.

Darasa lililipuka kwa kicheko. Nikamwita mbele anifundishe kwa kamba ya mkoba wangu. Nilikosea, akanirudisha, nikakosea tena, akaniuliza kwa sauti yangu mwenyewe, “Umefanyaje?” Nilipofaulu walinipigia makofi yasiyo ya mpango. Baada ya hapo nikauliza hesabu, na nyuma kabisa ukapanda mkono wa kushoto wa kwanza, kisha mwingine, kisha benchi nzima.

Nilipoanza kuwauliza wa kushoto niligundua vitu vilivyonifanya nione haya na furaha kwa pamoja. Hesabu za kutoa, kwa mfano. Niliandika hamsini na mbili toa ishirini na nane, na yule msichana akapata thelathini na sita. Zamani ningeweka alama ya kosa na kupita. Sasa nikamuuliza alivyofanya.

“Mbili haiwezi kutoa nane, Madame. Njo nikageuza, nikatoa mbili mu nane.”

Haikuwa ujinga! Alikuwa na sheria yake, ameitunga mwenyewe akiwa mbali na shule, na aliifuata kwa uaminifu kila siku. Nusu ya benchi za nyuma walikuwa wanafanya vilevile, na hata wengine wa mbele, wale wa maharagwe mengi. Somo la kesho nikalijua bila kufungua kitabu. Tulitoa kwa vijiti, tukafunga mafungu ya kumi kwa nyuzi za migomba, na tarakimu ikikosa tukasema inaenda kuomba kwa jirani, naye jirani anafungua fungu moja. Vijiti vikajaa sakafuni, watoto wakapiga magoti juu yake, na kelele zao zikamleta mwalimu wa darasa la tano mlangoni kuuliza kama kuna nyoka.

Wenzangu walinitania. Waliniita Madame wa Kushoto. Kile kimya ninachoacha baada ya swali walisema ni kwa sababu nimesahau somo. Kisha mzee mmoja wa kamati ya wazazi akaja shuleni amevaa koti lake la Jumapili, na huyu hakuwa na utani. Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, haupokei chakula, hauinuliwi mbele ya mkubwa.

“Madame, ile ni mukono ya kujipangusia,” akasema. “Njo munafundisha batoto betu kutuonyesha?”

“Papa, kama munataka bainue muguu,” nikamjibu. “Miye ninataka tu kumuona mwenye hajajua.”

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaishika meza. Aliomba aingie aone. Aliketi mpaka kengele ya mwisho, na hakurudi tena kulalamika.

Siku ya mkaguzi ilifika. Mkuu wa shule alipita darasa kwa darasa asubuhi, tai imemkaba, akikumbusha mpango wa miaka yote. Kwangu alisimama mlangoni akanibembeleza.

“Madame, leo tu. Uulize ba kulia, ba kushoto ubaache.”

“Hapana, Papa Directeur.”

“Utatuletea haya.”

“Basi nitazibeba miye.”

Nilisema kwa kichwa juu, lakini niliogopa. Sikuogopa kwa ajili yangu. Nilimwona yule msichana ameketi nyuma na nguo iliyofuliwa usiku, bado ina unyevu mabegani, na nikajua kwamba kesho yake atakuwa hapa au shambani kutegemea asubuhi hii.

Mkaguzi huyu alikuwa mpya kwetu, lakini si mgeni. Alikuwa amefundisha Masisi miaka mingi kabla ya kupanda cheo, na hila yetu aliijua kuliko sisi. Kupitia ukuta wa mbao tulimsikia akiwa darasa la tano. Mwenzangu aliuliza swali lake la mazoezi, mikono ikapanda, na sauti ya mkaguzi ikasema, “Ule wa nyuma mwenye kuinua kushoto, njo ninamutaka.” Tukamsikia mwenzangu akikohoa. Wanafunzi wangu walinitazama, wakaanza kutabasamu mmoja mmoja.

Alipoingia kwetu hakuniachia hata niulize. Alichukua chaki mwenyewe, akaandika mia nne na tatu toa mia moja hamsini na saba, akageuka. Darasa likakaa kimya vile nilivyolizoeza, kisha mikono ikapanda, kulia mingi, kushoto pia mingi, hasa nyuma. Mkuu wa shule alifumba macho.

“Weye mukubwa,” mkaguzi akasema. “Unainua kushoto. Haujue?”

Msichana alisimama. “Bado, Papa Inspecteur. Kutoa ninajua. Ile zero ya katikati njo inaniziba.”

Mkaguzi aliteremsha mkono wenye chaki. Nadhani katika kazi yake yote hakuna mtoto aliyewahi kumweleza jambo kama hilo. Akamwita ubaoni.

Msichana alisimama mbele ya hesabu, mgongo kwetu. Kimya kikawa kirefu. Mkaguzi akafungua mdomo amsaidie, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwinulia mkaguzi kiganja kumzuia. Akaufunga. Mkuu wa shule nilimsikia akivuta pumzi.

“Tatu haiwezi kutoa saba,” msichana akaanza, polepole. “Ninaenda kuomba kwa jirani. Jirani hana kitu.” Akasimama tena. Kisha bega lake likatulia, nikajua ameona. “Basi jirani naye anaenda kuomba kwa jirani yake. Huyu wa mia anafungua fungu yake, anabakia na tatu. Wa katikati anapata kumi. Sasa njo ananipa moja, anabakia na tisa.”

Chaki ikakimbia. Sita. Nne. Mbili. Mia mbili arobaini na sita.

Hakuna aliyengoja ishara. Darasa lilipiga makofi, likapiga benchi, mtu akapiga mbinja ambayo siku nyingine ningeiadhibu. Mkaguzi aliwaita na wengine wa nyuma, karibu wote. Baadhi walikosea, lakini kila aliyekosea aliweza kumwonyesha kwa kidole ni wapi. Mwishowe alimgeukia mkuu wa shule, mbele yetu sote.

“Mutoto mwenye anajua nafasi yenye anakwamia, huyo haiko wa première. Bote babaki hapa.”

Sikulia. Wanafunzi wanasema nililia, lakini ilikuwa vumbi la chaki.

Mkaguzi alitaka nitoe somo la mfano mbele ya walimu wa shule za jirani, na nikalitoa, ulimi wangu haukuniangusha. Mtafiti naye alirudi! Alileta alichokiandika juu yetu, akakisoma mbele yetu kabla hajakipeleka chuoni, na tulimrekebisha mahali pawili, naye akarekebisha. Walimu waliokuwa wakinitania walimuuliza maswali mpaka jua likashuka. Mwenzangu wa darasa la tano aliuliza mengi kuliko wote.

Mwisho wa mwaka ikaja siku ya kutangaza matokeo. Kwetu hiyo ni sikukuu. Wazazi wanajaa uwanjani, mkuu wa shule anasoma majina kwa sauti, na anayefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka asijulikane ni nani. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, kimeshonwa kwa ajili ya siku ile, na nilijisimamisha pembeni kwa uangalifu, poda isinifikie. Majina ya darasa la nne yakasomwa. Watoto wa benchi za nyuma walitajwa mmoja baada ya mwingine, na vigelegele vilitoka upande wa kinamama wa Buleusa kila mara vikiwa vikali zaidi. Msichana wangu alipotajwa kwamba amepanda la tano, mama yake alipita katikati ya watu, mwanamke mwembamba ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Hakuwa na poda. Alikuwa na unga wa muhogo kwenye kitambaa, wa nyumbani, wa kupika. Akammwagia binti yake kichwani, begani, usoni, huku akipiga kelele za furaha. Kisha akanigeukia mimi.

“Mama,” nikamwambia, “hii haiko ya bugali ya leo?”

“Njo yenyewe,” akasema. “Leo hatupike.”

Nikainama ili anifikie vizuri.